Pakiti ya Kijani Ndani ya Tangi

Kama hujawahi kuchoshwa na binadamu mwenzako, njoo ufanye kazi na Fan-Chiang Te-hsing. Mimi nilianza naye kichwa changu kikiwa cheusi tititi. Mvi hizi unazoziona, nusu ni za umri, nusu ni zake yeye.

Kazi yake ni kupanga majaribio. Kifaa cha sayansi hakipandi angani hivi hivi. Kabla hakijafungwa kwenye satelaiti, na satelaiti kuwekwa juu ya roketi, lazima kitikiswe mpaka wewe unayetazama meno yakuume, kigandishwe, kibanikwe, kinyimwe hewa, na kila baada ya mateso kiulizwe: bado unafanya kazi? Wa kuamua kiteswe vipi, kwa mpangilio gani, na nani athibitishe kwamba kimepona, ni Te-hsing. Hapa mjini Zhongli, kwenye taasisi yetu ya vifaa vya anga, hakuna kifaa kilichotoka bila kupita kwenye mpango wake. Na mimi, Tu Yueh-o, ndimi msimamizi wa usafi wa ukumbi wa majaribio. Vumbi haliingii, nywele haiingii, losheni haiingii. Nikigeuza kisogo wananiita Mama Mkwe. Waniite tu, mradi wavae kofia.

Sasa, mtu mwingine akitoka kazini anaiacha kazi getini. Te-hsing, wapi! Akinunua birika la umeme analichemshia maji matupu kutwa nzima kabla mkewe hajaruhusiwa kutia chai. Akialikwa mahali kula, anauliza choo kiko wapi kabla hajakaa, kisha anakwenda kuhakikisha kwamba kipo kweli. Na alipomwoza bintiye, ndipo nilipojua kwamba ugonjwa huu hauna dawa.

Karamu ilikuwa ya turubai barabarani, mbele ya nyumba, kama tunavyofanya sote. Wenye turubai wakaja siku moja kabla, wakalisimamisha. Wakwe nao wakapita kusalimia. Te-hsing akawapa mikono, akawakaribisha chai, halafu akapotea. Kumbe amekwenda kuleta mpira wa maji. Akapanda ngazi, akaanza kulimwagia turubai lote kutoka juu, na mama wa bwana arusi amekaa chini yake na nguo ya hariri.

"Wewe baba, una akili kweli?" Mkewe, Kuei-chih, alipiga ukelele. "Watu wamo humu!"

"Linavuja hapa pembeni," akajibu, wala hakushuka. "Mnaona? Bora tumejua leo."

Mama wa bwana arusi alilowa mpaka soksi. Na siku ya harusi yenyewe, jamani, jua liliwaka kutwa, wingu hata la kutafuta kwa tochi. Nilikuwepo, nilikula bata na kamba, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Turubai jipya lilikuwa limeshaletwa na limeshalipiwa. Yeye alikaa kwenye kiti chake akiliangalia anga kwa kinyongo, na kila mtu aliyempa hongera alimjibu kwamba mvua bado inaweza kuja.

Kwao ni Xinwu, kule kwenye mabwawa, mtoto wa Wahakka wa siku nyingi, watu wenye lugha yao. Baba yake alikuwa mfungua lango la bwawa la kumwagilia mashamba. Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kirefu, na wakubwa wa ushirika wakasema lango lisiguswe, maji yasipotee bure. Kimbunga kilipokuja lango likagoma. Kutu. Maji yakapita juu ya tuta, yakaondoka na mpunga wa watu na nguruwe wa watu, na lawama zote zikamshukia baba. "Angelijaribu hata kidogo tu wakati wa kiangazi," Te-hsing husema. Habari hii ameisimulia kwenye mikutano mingi mno. Siku hizi akifika kwenye kimbunga wanafunzi wanaimalizia wenyewe, na Profesa Weng anachungulia simu.

Huyo Profesa Weng Shih-kai ndiye mwenye Jicho. Jicho ni jina letu sisi wa ukumbini. Ni kamera ya kuangalia mwanga hafifu unaotoka kwenye hewa ya juu kabisa, mwanga ambao macho ya mtu hayauoni, na kioo chake ni cha kudeka: ukikipumulia tu umeshakiharibu. Weng alilibuni angali kijana. Te-hsing alilipangia majaribio tangu lilipokuwa mchoro. Likakaa kabatini miaka na miaka likingoja lifti ya kwenda juu, mpaka wenzetu wa ng'ambo wakasema wana satelaiti, na ndani yake mna nafasi moja tupu, tulete.

Ila kwa sharti. Satelaiti lazima iwe na uzito uliopangwa, kila kona na kiasi chake, la sivyo inayumba. Kwa hiyo mchelewaji hangojwi. Mahali pake kinafungwa kipande cha alumini chenye uzito ule ule, na safari inaendelea. Tena kipande chenyewe tulitakiwa tukichonge sisi! Kilikuwa stoo, ndani ya boksi, kizito, kijinga, kinatusubiri tushindwe. Nilikuwa nikipita pale nalipiga boksi teke.

Te-hsing alikuwa ukingoni mwa kustaafu, na hilo alilijua kila mtu. Jicho lisipopanda safari hii, hakuna nyingine atakayoiona akiwa kazini.

"Likishakaa juu likafungua macho," aliniambia siku moja tukila boksi zetu za wali na paja la kuku, "mimi narudi Xinwu kufuga samaki. Sijaribu kitu tena."

"Utawajaribu samaki," nikamwambia.

Akacheka, akamwaga supu kwenye koti. Nilimfurahia siku hiyo, nisiseme uongo.

Jaribio lililobaki lilikuwa moja: tangi la ombwe. Tangi letu mtu anaingia wima. Unaweka kifaa, unafunga mlango, pampu zinanyonya hewa yote, kuta zinagandishwa, kisha zinapashwa moto, na kifaa kinaishi humo kama kimeshafika huko kinakokwenda. Na juu ya kabati la pampu, bila shaka, kuna pakiti ya kijani.

Kwetu mashine bila pakiti ya kijani ni mashine yatima. Ni bisi laini za mahindi, tamu, zenye nazi, na jina la pakiti maana yake ni "tulia, mtoto mzuri". Inawekwa ili mashine isigome. Utaiona benki, utaiona hospitali, utaiona juu ya mashine za tiketi. Iwe ya kijani. Ile ya njano inaita taa ya njano, ile ya onyo. Isiwe imepita tarehe. Na hailiwi. Mimi naamini? Usiniulize. Nabadilisha pakiti kwa wakati, basi. Te-hsing peke yake ndiye aliyekuwa akitucheka.

"Nionyesheni ilipopimwa," alikuwa akisema. "Toeni pakiti kwenye pampu moja, acheni kwenye nyingine, tuone ipi itakufa."

Hakuna aliyethubutu kumkubalia.

Halafu wenzetu wa ng'ambo wakatuletea mgeni wa kushuhudia jaribio. Bwana mrefu, mpole, mwenye adabu zake. Tukafunga tangi, pampu zikaanza kunyonya, na kunyonya huko ni kazi ya kungoja. Mgeni akangoja, akapiga miayo, akaona njaa. Mimi nilikuwa nimempa kisogo. Nilipogeuka alikuwa anajipangusa mkono kwenye suruali.

"Tamu," akasema.

Fundi wa pampu akaketi chini, sakafuni.

"Amekula," akaninong'oneza. "Dada Yueh-o, amekula yote."

Kabla ya jua kuzama pampu ilikufa. Haikukoroma, haikuonya. Te-hsing akaifungua mwenyewe, akatuonyesha beringi iliyolika. "Hii imeanza kulika tangu mwaka jana," akasema. "Beringi haina habari na bisi." Tukaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini mimi nilimwona akiinua macho juu ya kabati, pale palipokuwa patupu, na akakawia kuyashusha.

Beringi mpya ikafungwa. Pakiti mpya nikaiweka, na karatasi juu yake ya kumwambia mgeni kwamba hicho si chakula. Tukaanza tena. Safari hii likaja tetemeko. Dogo, la kawaida, hata chai haikumwagika, lakini swichi ya usalama ikazima kila kitu tukiwa katikati ya baridi. Na jaribio likikatika katikati halihesabiki. Nani kasema halihesabiki? Mpango wa Te-hsing.

Profesa Weng alimbembeleza mbele yetu sote. "Kaka Te-hsing, tulikuwa tumeshafika mbali. Tuanzie pale tulipoishia."

"Profesa, ugonjwa wa kifaa unajificha kwenye kupanda na kushuka kwa joto. Usipomaliza mzunguko hujajaribu kitu."

"Na siku je? Siku zinakwisha!"

"Siku nazo nilizipangia. Imebaki nafasi moja."

"Moja!" Weng akajishika kichwa. "Mtu huyu ataniua, nawaambieni, ataniua na ataandika ripoti."

Basi ikawa nafasi moja. Ikipita salama, Jicho linapakiwa kwenye ndege. Isipopita, boksi la stoo ndilo linalopakiwa.

Asubuhi ya kufunga tangi niliwakagua watu wote kama forodha. Nilimrudisha mwanafunzi mmoja nyumbani kwa sababu ya mafuta ya nywele. Niliingia tangini, nikakagua kila pembe, nikatoka. Wa mwisho kuingia ni Te-hsing na tochi yake. Ndivyo mpango unavyosema, mpanga majaribio ndiye wa mwisho kutoka. Akaingia, akakawia kidogo, akatoka, akatia sahihi. Nani angemkagua Te-hsing?

Baridi ilipita vizuri. Jicho lilionyeshwa taa, likaiona sawasawa. Weng akatununulia chai ya maziwa watu wote, hata mlinzi wa getini. Tukaanza kupasha moto.

Ndani ya tangi nina kipimo changu kidogo cha kunusa mvuke wa mafuta. Kwa kawaida kimelala, hakina la kusema. Siku hiyo kikaanza kupanda. Nikadhani kimeharibika, nikaipiga kofi kompyuta. Kikapanda zaidi.

"Kaka Te-hsing!" nikaita. "Njoo utazame huku. Kuna mafuta humo. Mafuta yametoka wapi? Mimi nimekagua kila kitu!"

Akaja. Akatazama. Uso wake ukaishiwa na rangi yote.

"Dada Yueh-o," akasema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Pakiti."

"Pakiti gani?"

"Ya kijani. Nimeibandika nyuma ya stendi ya Jicho."

Ukweli, nilidhani anatania, ingawa hajawahi kutania kazini. Nikamtazama. Hakuwa anatania.

"Umeweka bisi," nikasema, "ndani ya tangi la ombwe."

"Ya nje wanaila."

"Ndani ya tangi la ombwe! Wewe! Wewe uliyenirudisha mimi mlangoni hapa, mimi, kwa sababu ya gundi ya plasta kidoleni!"

"Nilifikiria kupasuka," akasema. Alikuwa anaongea upesi upesi sasa. "Hewa ikitoka tangini, pakiti itafura na kupasuka. Kwa hiyo niliitoboa kwa sindano ili ipumue. Niliijaribu kwanza kwenye ile chupa ndogo ya ombwe. Pakiti zaidi ya moja nilizijaribu. Hazikupasuka."

"Uliijaribu na joto?"

Akaugeukia mlango wa tangi.

"Te-hsing, nakuuliza! Uliijaribu na joto?"

"Joto," akasema, "sikulijaribu."

Mganga hajigangi! Nilimtukana. Nilimtukana kwa lugha yake na kwa lugha yangu, na wanafunzi wakajifunza maneno ambayo bibi zao wameyaficha. Tukazima moto, tukangoja tangi lipoe, tukairudisha hewa, tukafungua. Kulinukia nazi. Ukumbi nilioulinda maisha yangu yote ulinukia nazi kama duka la peremende. Pakiti yenyewe ilikuwa salama salimini nyuma ya stendi, haijapasuka hata kidogo, na matundu yake ya sindano yamepangwa kwa mistari iliyonyooka.

Karibu na Jicho huwa naweka kioo kidogo cha ushahidi. Uchafu ukitua kwenye kioo cha Jicho, umetua na pale. Nikakitoa, nikakiinamisha chini ya taa. Utando ulikuwepo. Mwembamba, wa rangi rangi, kama petroli juu ya dimbwi. Nilitamani kukitupa chini kivunjike.

Tukaketi mkutanoni: Weng, Te-hsing, mimi, na wanafunzi wamesimama ukutani. Mgeni wa ng'ambo alikuwa ameshakwenda hotelini kulala, hajui lolote.

"Tupanguse," Weng akasema.

"Kioo kile hakipanguswi," nikamwambia. "Mafuta yanatolewa kwa kupasha moto polepole ndani ya ombwe, yavukize yenyewe. Kisha majaribio yote yaanze upya, ya mwanzo mpaka ya mwisho. Mpaka tumalize, satelaiti imeshafungwa."

Weng akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Au tuliache lilivyo. Utando wenyewe mwembamba. Jicho linaona. Si limeiona taa kwenye baridi? Hakuna anayelazimika kuandika habari za vitafunio. Mama Mkwe, samahani, Dada Yueh-o, wewe unaonaje?"

Sikupata nafasi ya kujibu.

"Mafuta yale yakipigwa na jua huko juu yatageuka rangi," Te-hsing akasema. Alikuwa anaitazama meza. "Yatakuwa meusi, pole pole. Jicho litapokea mwanga kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Na sisi tutaandika kwamba hewa ya juu inabadilika. Watu watatuamini, kwa sababu kifaa kimepita majaribio, na majaribio nimeyapanga mimi. Tutakuwa tunapima nazi, Profesa."

"Kwa hiyo unataka twende na chuma?"

"Sitaki!" Alipiga meza. Watu tuliruka, sauti ile hatukuijua. "Sitaki! Nimelilea mimi hilo! Nimelilea toka mchoro! Lakini sahihi yangu sitii."

"Wewe ndiye uliyeliharibu," Weng akasema taratibu.

"Ni mimi."

Hapo ndipo aliponiudhi kuliko siku zote nilizowahi kumjua. Mtu mwingine angetafuta pa kujishikiza: beringi, tetemeko, mgeni mlafi. Mtu mwingine angelia, nasi tukamwonea huruma, tukapata njia. Yeye alifungua mpango wake, akaandika kosa lake kwa mwandiko mzuri, akaweka na safu ya sababu. Kwenye sababu aliandika neno moja: hofu. Nikamwuliza, kwa kejeli, hofu inapimwa kwa kipimo gani. Akaweka tarehe. Weng akaondoka bila kufunga mlango, na kesho yake akawaandikia wenzetu kwamba tutatuma kipande.

Siku zile hakuna aliyemsemesha Te-hsing kwa uzuri. Wanafunzi walikuwa wakipishana naye kwenye ngazi wanainama. Mimi nilikuwa na maneno mengi bado sijamaliza kumwambia, na Jumamosi asubuhi nikaona niyapeleke nyumbani kwake, pamoja na tambi pana za kukaanga, maana hasira haizuii mtu kubeba chakula. Akanifungulia Kuei-chih.

"Wifi, hayupo," akasema. "Nimemwambia apumzike, akaniambia ana jaribio."

"Jaribio gani? Hakuna jaribio! Limekwisha, wifi, hakuna kilichobaki!"

"Nami nilimwambia hivyo hivyo. Nenda wewe ukamwambie. Mimi nimesema mpaka koo limekauka. Usiku ananiuliza kama nilisikia mlango wa tangi."

Nikaendesha mpaka taasisini nikinung'unika njia nzima. Nje ya ukumbi nikausikia muungurumo, nao ulikuwa wa meza ya kutikisa. Nikavaa kofia, nikavaa koti, nikaingia.

Te-hsing alikuwa peke yake. Juu ya meza, kimefungwa kwa skrubu zake zote, kilikuwepo kipande cha alumini, kinatikiswa sawasawa na vile Jicho lilivyotikiswa. Pembeni ameweka mpango, kurasa mpya, safi.

"Kaka Te-hsing. Hicho ni nini?"

"Kipande."

"Naona ni kipande! Unakitikisa cha nini? Wale wametaka uzito wake tu. Kipime, kitie boksini, kiende zake!"

"Kitafungwa katikati ya vifaa vya wenzetu," akasema, macho yake kwenye meza. "Skrubu zikilegea wakati wa kupaa, kitawagonga. Na wao wana vya kwao walivyovilea."

"Na tangini utakiingiza?"

"Jumatatu. Nimekuandikia uje ukague usafi."

Nilishikwa na hasira mpaka machozi yakanitoka. Mpaka leo sijui nilikuwa namlilia nani. Nilimpigia kelele, na sauti yangu ikawa inarudi kutoka kwenye dari.

"Usafi wa nini? Kina nini cha kuharibika? Hakina kioo! Hakioni! Kisafi, kichafu, kuna tofauti gani? Umeliua Jicho kwa bisi, sasa unakuja kulipigia magoti dude! Ni chuma, Kaka! Ni chuma kitupu!"

Akazima meza. Akangoja itulie kabisa, kama mpango unavyotaka. Akafungua skrubu moja moja, akaitazama kila moja kwenye mwanga, kisha akakipangusa kile kipande pembeni, mahali ambapo mimi sikuona uchafu wowote. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Najua ni chuma," akasema. "Lakini ndicho kinachokwenda."

Kilikuwa kizito kwa mtu mmoja. Nikavaa glavu, nikashika upande wa pili.